Barabara ya Mbeya na Marafiki wa Zamani

Mwezi wa sita ndio huu umefika, shule zinafungwa, mvua za masika zimekatika na kipupwe kimeanza kuvuma. Ni wakati ambao kila mwenye likizo anaulizwa nyumbani kwake: mwaka huu twende wapi? Majibu tunayajua. Wengi watakwenda kijijini kwa wazazi, na hilo ni jema. Wachache waliojaliwa watakwenda hoteli ya ufukweni au mbugani kwa siku mbili, wapige picha, warudi. Leo nataka tuzungumzie jibu la tatu. Nataka nikushawishi, ndugu msikilizaji, kwamba safari ya likizo inapendeza zaidi ikipangwa kwa kufuata marafiki wa zamani. Ukianza na orodha ya watu badala ya orodha ya vivutio, watu utawaona, na vivutio navyo utaviona vizuri kuliko yule aliyeanza navyo. Nalirudia hilo, maana ndiyo hoja yangu yote ya jioni ya leo: anza na watu, na mahali utapaona vizuri zaidi.

Tusibaki kwenye nadharia. Tuchukue barabara moja tuifuate pamoja. Naichagua ile itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, ipitayo Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Iringa, Mafinga na Makambako hadi Uyole. Ni zaidi ya kilomita 800. Wenye haraka huimaliza kwa siku moja: wanaondoka alfajiri na mapema, wanakula chakula cha mchana wakiwa wamesimama, na usiku wanaingia Mbeya migongo inauma. Sasa muulize mtu kama huyo ameona nini njiani. Atakwambia ameona twiga Mikumi, ameona kona za Kitonga, na ameona malori ya Zambia na Kongo yakipanda mlima kwa foleni. Hayo ni kweli, na ni mazuri. Lakini angalia jambo moja. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, barabara inaipasua kwa kilomita kama 50 hivi, na mwendo humo umewekewa kikomo, na kuna faini kwa anayegonga mnyama. Kitonga nako huwezi kukimbia hata ukitaka, mlima haukupi nafasi. Kwa hiyo sehemu mbili anazozikumbuka kila msafiri wa barabara hii ni zile alizolazimishwa kwenda polepole. Kule kwingine kote alikoachiwa akimbie, hakumbuki kitu. Je, hapo hatujapata fundisho? Macho yanahitaji muda. Na swali linabaki: ni kitu gani kitakachotufanya tusimame Morogoro, tulale Iringa, tushinde Mbeya, pale ambapo hakuna sheria wala mlima wa kutulazimisha? Mimi nasema ni mtu. Mtu anayekungoja ndiye sababu pekee inayoweza kuishinda haraka ya dereva.

Pengine unasema, mimi marafiki wa huko nitawatoa wapi? Hebu tafakari kidogo. Barabara hii ni barabara ya shule na makambi. Toka nje ya Dar es Salaam, mara unaikuta Ruvu na kambi yake ya Jeshi la Kujenga Taifa. Fika Morogoro, una Kilakala ya wasichana na Mzumbe ya wavulana. Nenda Iringa, una Tosamaganga na Ifunda. Songa mbele, una Mafinga na kambi yake, una Malangali. Ingia Mbeya, una Loleza, una Iyunga, una kambi ya Itende. Kwa miaka mingi nchi yetu iliwachukua vijana wa Kagera ikawapeleka Iringa, ikawachukua wa Lindi ikawapeleka Mbeya, wakalala bweni moja na kula sahani moja ya ugali na maharage. JKT iliyoanzishwa mwaka 1963 ilifanya vivyo hivyo. Mafunzo ya vijana wa mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa mwaka 2013, kwa hiyo hata vijana wa leo wanatoka kambini na majina ya kuruta wenzao wa mikoa ambayo hawajawahi kuikanyaga. Ongeza walimu, wauguzi, polisi na mabwana shamba waliopangiwa vituo mbali na kwao, wakaoa huko, wakajenga huko. Mtanzania wa makamo ana ramani ya marafiki ambayo hakuichora mwenyewe, nchi ilimchorea. Ni mali aliyopewa bure, na wengi wetu tumeiacha kabatini.

Nasema tumeiacha kabatini, na naomba tusione haya kulitazama jambo hili. Wale tuliosoma nao tunao leo kwenye makundi ya WhatsApp. Kila kundi lina jina la shule na mwaka wa kumaliza. Tunafanya nini humo? Asubuhi tunatumiana salamu na sala. Mchana tunatumiana vichekesho. Kisha linakuja tangazo la msiba, tunachanga rambirambi kwa simu. Linakuja tangazo la harusi ya mtoto wa mwenzetu, tunachanga tena. Na tukionana ana kwa ana, tunaonana msibani, tumesimama uani, sauti chini, kila mmoja akitazama saa kwa sababu basi linaondoka asubuhi. Hayo siyapuuzi hata kidogo. Kuchangiana ni jambo kubwa, na wapo waliotibiwa na waliozikwa kwa heshima kwa sababu ya makundi hayo. Lakini urafiki unaokutana kwenye dharura tu unageuka kuwa mfuko wa bima. Lini mara ya mwisho mtu alikuja kwako kutoka mkoa mwingine bila shida, bila mchango, bila mgonjwa, amekuja kukutazama tu? Jiulize hilo msikilizaji wangu, na ujiulize pia lini wewe ulifanya hivyo kwa mwenzako.

Turudi kwenye hoja. Nimesema anza na watu, na mahali utapaona vizuri zaidi. Ushahidi uko wapi? Tuchukue Iringa, na hapa naomba mnivumilie tukae kidogo, kwa sababu Iringa inastahili. Mpita njia anaiona Iringa kama mji wa juu ya kilima, wenye baridi na kituo cha mafuta. Barabara kuu inapita bondeni, mji uko juu, na basi likishashusha abiria linaendelea. Lakini kabla hujafika mjini, upande wa mashariki, umepita Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Wahehe waliuvizia msafara wa jeshi la Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, wakaushinda vibaya, na Zelewski mwenyewe akauawa. Ni mojawapo ya mapigo makubwa ambayo wakoloni waliyapata Afrika Mashariki, na limetokea kando ya barabara tunayopita tukisinzia. Ni wangapi kati ya abiria wa mabasi yale wanaojua? Ukiwa na mwenyeji ndani ya gari, atakugusa bega kabla hujapita. Atakwambia punguza mwendo, tazama kule.

Ukishafika mjini, mwenyeji huyo ndiye atakayekwambia kwamba Kalenga ni karibu, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Ruaha, na kwamba hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe hao, iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Hapo kuna makumbusho, na ndani yake kuna fuvu la Mkwawa. Mkwawa alikufa mwaka 1898 kwa kujipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, kikatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kwamba kirudishwe, lakini kikarudi mwaka 1954 tu. Habari hizo unaweza kuzisoma popote. Ila kuzisoma ni jambo moja, na kwenda Kalenga ukiwa na mtu ambaye bibi yake alimsimulia siku fuvu liliporudi ni jambo jingine kabisa. Bango haliwezi kukupa kumbukumbu za ukoo. Mwongozaji wa makumbusho atakupa historia ya wote. Rafiki mzaliwa wa pale atakupa historia ya nyumba yao, nani alikimbilia wapi, nani hakurudi, na kwa nini mpaka leo wazee hawapendi jina fulani litajwe mezani. Hizo ndizo habari zinazoufanya ukuta uliobomoka uwe ngome.

Na bado hujaimaliza Iringa. Kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, kwenye njia ya kwenda Mbeya, kuna Isimila. Ni korongo lililochongwa na maji, lenye nguzo ndefu za udongo zilizosimama kama minara, na chini yake zimepatikana zana za mawe zilizotengenezwa na binadamu wa kale, zinazokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Kibao cha kukuelekeza kipo barabarani. Kila siku mamia ya magari yanakipita. Kwa nini hayasimami? Nadhani ni kwa sababu dereva peke yake hawezi kuamua kama kusimama kuna thamani. Kibao ni kibao tu. Lakini rafiki akisema, haya, kesho asubuhi kabla jua halijawa kali tunakwenda Isimila, watoto waje na viatu vya kutembelea, hapo mashaka yanakwisha. Unaona msikilizaji ninachokisema? Rafiki hakupunguzii vivutio. Rafiki anakifungua kivutio ambacho wewe ungekipita.

Kuna jambo jingine ambalo mwenyeji anajua na kijitabu hakikuambii vizuri: majira. Chukua Kitulo, ile nyanda ya juu kati ya Mbeya na Njombe ambayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake ya porini. Msafiri wa Dar es Salaam akisikia habari hizo, atapanga likizo yake ya mwezi wa sita, atafika Chimala, atapanda zile kona maarufu hamsini na saba kuelekea Matamba, na juu atakuta baridi kali, majani makavu na upepo. Maua hayapo. Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, kuanzia mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Mwenyeji wa Mbeya atakwambia hilo kwa simu kabla hujatia mafuta: mwezi wa sita usije kwa maua, njoo kwa ajili ya Ziwa Ngozi, maana sasa njia ya msituni haina utelezi, njoo tukuonyeshe Daraja la Mungu, mwamba uliojijenga wenyewe kuwa daraja juu ya Mto Kiwira, njoo tushuke Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambako kipupwe cha milimani hakisikiki. Maua tutakuita mwezi wa pili. Angalia jinsi maneno machache ya mtu anayekaa pale yalivyoiokoa safari nzima, na yakakupa sababu ya kurudi juu yake.

Najua wapo wanaonisikiliza wakitikisa kichwa. Pingamizi la kwanza, na ndilo kubwa, ni hili: utamtwisha mwenzako mzigo. Maisha yamepanda, nyumba za mjini ni ndogo, mwenyeji ana watoto wa kulipia ada mwezi wa saba, na wewe unamfikia na familia ya watu watano wanaotaka kula na kuoga maji ya moto. Tunao msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wazee hawakuusema kwa kukosa ukarimu. Ni pingamizi la haki, na nalikubali kwa sehemu. Ila tusilichanganye kumtembelea mtu na kuhamia kwake. Hakuna anayesema lazima ulale kwa rafiki. Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, kote kuna gesti na nyumba za kulala wageni za kila bei. Lala gesti, kisha shinda kwa rafiki. Mwambie mapema siku ya kufika, idadi yenu, na siku ya kuondoka, hasa siku ya kuondoka, maana mwenyeji akiijua hiyo anapumua. Usifike mikono mitupu. Anayetoka pwani ana nazi, ana samaki wakavu, ana tende. Na anayerudi kutoka nyanda za juu atafungashiwa viazi, njegere, maparachichi na mchele wa Kyela mpaka buti ligome kufunga. Hebu niambieni, katika mabadilishano hayo nani amemla nani?

Tena wazee hao hao waliotupa jembe la siku ya tatu ndio waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa maoni yangu msemo huu tunautaja sana mlangoni na kuufikiri kidogo. Mtu aliyepangiwa kituo Mafinga miaka ishirini iliyopita, akaoa huko, akajenga, mara nyingi amezungukwa na watu wanaomjua kama mwalimu, kama mama fulani, kama bwana misitu wa Sao Hill. Hakuna hata mmoja mtaani kwake anayemjua alivyokuwa na umri wa miaka kumi na saba, alipokuwa mchezaji wa timu ya bweni, alipokuwa anaogopa hesabu, alipokuwa anasema atakuwa rubani. Wewe unayajua hayo. Ukiingia kwake, watoto wake wanasikia jina la utani ambalo hawajawahi kulisikia. Wanamwona baba yao akicheka kicheko cha ujana wake. Hilo hakuna zawadi ya dukani inayoweza kulifanya, na halihitaji kuchinja kuku. Kwa hiyo tunapohesabu mzigo anaobebeshwa mwenyeji, tuhesabu na hiki pia. Tukikiacha, hesabu yetu haijakamilika.

Pingamizi la pili ni la aibu, na watu hawalisemi kwa sauti. Mmoja amefanikiwa, mwingine maisha yamemkatalia. Mmoja anakuja na gari jipya, mwenziwe anaishi chumba cha kupanga. Au ni kinyume chake: mwenyeji ana jumba, na mgeni ameshuka kwenye basi na begi la mkononi. Watu wanasema, afadhali tusionane, tutatahayariana. Hili nalielewa, na sitalipunguza uzito. Tofauti za maisha zinauma zaidi kati ya walioanza sawa. Lakini ndipo ninapoona faida ya kuunganisha ziara na matembezi. Kama mtakaa sebuleni tu mkitazamana, macho yatakwenda kwenye kochi na televisheni, na kila mmoja ataanza kujipima. Mkitoka mkapanda pamoja kwenda Morningside, kule juu ya mji wa Morogoro, kwenye mteremko wa Uluguru, mlima hauulizi mshahara. Wote mtahema. Mtakaa kwenye jiwe mtazame mji ulivyotandaa, na mazungumzo yatakuja yenyewe kwa sababu macho yana kitu kingine cha kutazama. Wanaume hasa, na nadhani wanawake watanikubalia, hawazungumzi vizuri wakikabiliana uso kwa uso. Wanazungumza vizuri wakitembea. Matembezi ndiyo yanayoutoa urafiki wa zamani kwenye kupimana. Kwa hiyo hoja yangu inakwenda pande zote mbili: rafiki anakufungulia mahali, na mahali panawafungulia mazungumzo.

Mwingine atasema, unawanyima riziki waongoza watalii. Kila mtu akitembezwa na rafiki yake, vijana waliosomea kazi hiyo wale nini? Jibu langu ni fupi. Kiingilio cha Isimila na Kalenga kinalipwa vile vile. Msituni Ngozi unahitaji mwongozaji anayeijua njia, na rafiki yako mwenye busara ndiye wa kwanza kukwambia umchukue na umlipe bila kumkopa. Anayepita bila kusimama ndiye asiyemwachia mtu chochote. Anayesimama kwa sababu ya rafiki ananunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, analala gesti Iringa, anakula Makambako, anatengenezewa tairi Uyole.

Na yule asiye na gari? Huyu simsahau, maana ndio wengi wetu. Safari ya barabarani si lazima iwe ya gari lako. Mabasi yanakwenda kila mji niliouoneshea kidole, na uzuri wa kufuata marafiki ni kwamba unaikata safari vipande: leo Morogoro, keshokutwa Iringa, wiki ijayo Mbeya. Vipande vifupi havichoshi kama kukaa kitini kutwa nzima. Ipo pia treni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ambayo inapita njia yake yenyewe kupitia Mlimba, inaibukia Makambako na kufika Mbeya. Hata kwa mwenye gari, kukata safari ni usalama. Tunajua ajali za barabara hii. Tunajua dereva aliyeendesha tangu alfajiri anavyokuwa saa moja jioni, macho mekundu, anataka kulipita lori kwenye kona ili awahi kufika. Mwenye rafiki Iringa hana sababu ya kulazimisha Mbeya usiku. Anaegesha, ananawa, anakula, analala. Trafiki mwenye tochi anaweza kukupunguzia mwendo kwenye kijiji kimoja. Rafiki anayengoja anakupunguzia mwendo njia nzima.

Limebaki pingamizi moja ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Msikilizaji anasema: sawa, nimekuelewa, lakini rafiki yangu wa barabara hiyo ameshatangulia mbele ya haki. Alifariki, mimi nikatuma rambirambi kwa simu, sikwenda. Sasa nitakwenda kwa nani? Nakujibu kwa heshima, ndugu yangu. Nenda vile vile. Katika mila zetu hakuna tarehe ya mwisho ya kutoa pole. Yuko mzazi aliyezeeka, yuko mjane au mgane, wako watoto ambao baba yao au mama yao alifariki wakiwa wadogo. Hao wana maswali ambayo nyumbani hakuna wa kuyajibu: alikuwaje shuleni, alipenda nini, alikuwa mkorofi au mpole, nani alimpa jina lile? Majibu hayo yako kwako, na kwa wachache mliosoma naye. Mkiondoka ninyi, hayatakuwepo tena mahali popote, kwa sababu hayakuandikwa. Kama una picha ya bwenini au ya gwaride, ichapishe upya kwenye karatasi, usiitume kwa simu, uwapelekee mkononi. Na kabla hujafunga safari, uliza mapema nani anaishi kwenye nyumba ile sasa. Mtoto mkubwa akikubali, mwombe naye akuoneshe mji wao, akupeleke pale alipokuwa akipelekwa na mzazi wake. Kijana huyo atakuwa mwenyeji wako, na watoto wako watakuwa wamepata rafiki Iringa au Tukuyu ambaye nchi haikuwapangia; mmemtafuta wenyewe.

Muda wetu unakaribia kwisha, wasikilizaji. Kabla sijaaga nina ombi kwa wenyeji wa barabara hii na matawi yake, ninyi mlioko Morogoro, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Uyole na Tukuyu. Tuandikieni. Tuambieni ni kitu gani karibu nanyi ambacho kila gari linakipita bila kusimama, na ni mwezi gani mtu akija anakikuta katika hali yake nzuri. Barua zenu tutazisoma hapa hapa wiki ijayo, kabla shule hazijafungua, ili mwenye likizo apate muda wa kupiga simu zake. Mnaosafiri wiki hii, chukueni masweta, Makambako si Dar es Salaam. Kwaherini.